Begi Tupu Kutoka Mtwara

Murangi, 3 Septemba 2024

Mwanangu Yunis,

Hujambo wewe na mumeo Hezron? Mimi mzima, ni mguu tu, nikikaa kitini muda mrefu unavimba vilevile. Mvua bado. Mbuzi wa jirani yetu Mary wameingia tena kwenye mihogo yangu, na Mary anasema si wake.

Sasa nije kwenye jambo. Jana nimeitwa stendi ya Bweri, Musoma, kupokea mzigo wako. Nimepewa begi. La bluu, lina magurudumu manne na mkono wa kuvutia. Nikasema moyoni, mwanangu amenikumbuka. Nikalifungua palepale mbele ya makarani wa basi. Tupu! Hata kanga hakuna. Hata mche wa sabuni. Kuna kipakiti cha punje nyeupe kimeandikwa "usile". Usile! Ndicho ulichoona kinamfaa mama yako?

Nimeumia, Yunis. Hapa kwetu hata mtoto anajua, ukimpelekea mtu chombo kitupu umemwambia akijaze. Jirani akiishiwa unga analetaga ungo, wala hasemi kitu. Lakini huyo ni jirani! Wewe niliyekuzaa umeshindwa kuandika "mama, naomba samaki"?

Basi nimelijaza. Sato wakavu, furu, dagaa, na katikati chupa ya samli. Ilibidi Gody fundi baiskeli alikalie ndipo zipu ikafunga. Leo limepanda basi kurudi kwako. Ukishiba useme asante.

Mama yako


Mtwara, 8 Septemba

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Mama! Mama jamani! Begi lilikuwa la kwako!

Limefika leo. Gurudumu moja limebaki njiani, sijui Dodoma, sijui Lindi. Zipu imeachia, samli imemwagikia dagaa. Hezron amelitoa uani na sasa paka wa mtaa mzima wako kwetu. Mama, unajua nililichagua kwa muda gani? Mazuri bei yake haishikiki. Ya bei nafuu ni mazito, na begi zito linakula kilo zako kabla hujaweka hata gauni. Lile ndilo lilikuwa jepesi na la bei ninayoiweza. Na wewe umelijaza furu!

Nilitaka likishafika nikupigie, nikuambie kwa mdomo. Umeniwahi. Haya, naandika.

Nina mimba, mama. Miezi saba. Safari hii daktari anataka kunifanyia upasuaji, tarehe kumi na nane Novemba. Unajua nilinyamaza kwa nini. Wale wawili wa mwanzo nilianza kuwatangaza, halafu hawakukaa. Na mara zote mbili nilitoka kwenye kile chumba cha uzazi nikamkuta mlangoni mtu wa usafi tu. Hezron anaendesha lori la Tunduma, hajui siku hiyo atakuwa wapi. Nataka nikitoka nikukute wewe.

Kwa basi ni siku mbili, na mguu huo haiwezekani. Nimekukatia tiketi ya ndege, Mwanza mpaka Dar, unabadilisha, Dar mpaka huku. Ni tiketi ya bei ya chini, haina mzigo wa kukabidhi. Unaingia na begi dogo la mkononi, lisizidi kilo saba wala sentimita hamsini na tano kwa urefu. Tafuta lingine Musoma au Bunda, lenye magurudumu, usije ukalibeba na mguu huo. Na usimwambie mtu, tafadhali.

Mwanao


Murangi, 9 Septemba

Yunis mwanangu,

Marahaba. Nimesoma, nimekaa chini, nimesoma tena.

Miezi saba! Kumbe bila lile begi nisingejua! Habari ya mjukuu wangu nimeipata katikati ya habari za paka! Nimekasirika na nimelia, vyote kwa pamoja, na hata sasa naandika huku nafuta miwani. Kwa nini ulinyamaza naelewa. Sitamwambia mtu, hata Mary, ingawa Mary akiona nimetabasamu tu ataanza kuuliza. Ila usinifiche tena kitu cha namna hii. Mimi si jumuiya, mimi ni mama yako.

Nitakuja. Hata wakinifunga kwenye bawa la ndege nitakuja.

Lakini kilo saba? Nani aliyepanga kilo saba? Huyo mtu hajawahi kwenda kumwona mzazi. Unga wa ulezi wa uji wako, samaki wa mchuzi, asali, nguo za mtoto. Mimi mwenyewe nivae nini, tiketi?

Unakula vizuri? Miguu inavimba? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mama yako


Bunda, 21 Septemba

Mwanangu,

Hujambo, na huyo aliye ndani hajambo? Mimi mzima, nimechoka tu.

Musoma mabegi yao bei ya kukamuana, nimekuja Bunda. Nimebeba rula yangu ya ubaoni, ile ya mita, kwa hiyo njia nzima watu wananiamkia shikamoo mwalimu, hata wasionijua. Nimeingia kwa bwana mmoja anaitwa Mashimba. Kila begi ninaloshika anasema "mama, hiyo ndiyo saizi ya ndege." Hata moja ambalo angelala mtu ndani, saizi ya ndege! Nikamwuliza, wewe umeshapanda ndege? Akasema hajapanda ila wateja wake wanapandaga.

Basi nikapima mwenyewe. Nimepata jeusi, gumu, linang'aa, hamsini na tano kamili. Bei tumevutana mpaka akasema ananiuzia kwa heshima ya ualimu. Picha nimeweka hapo chini. Sema mama yako hajui kuchagua!

Mama yako


Mtwara, 21 Septemba, jioni

Mama, shikamoo. Tunaendelea vizuri, anacheza usiku kucha, miguu inavimba kidogo tu.

Mama, hii ni WhatsApp, si insha, lakini nakupenda hivyohivyo. Begi ni zuri. Ila kwenye picha rula umeianzisha kwenye kona ya begi. Magurudumu umeyaacha! Wale hawapimi begi peke yake, wanapima mpaka magurudumu na ule mkono wa kushikia juu. Hilo linazidi. Tena la plastiki ngumu hivyo haliminyiki, likigoma limegoma. Lirudishe, mama. Watakurudisha getini na mimi nitakuwa huku.

Mwanao


Butiama, 30 Septemba

Yunis,

Hujambo? Niko kwa mama yako mdogo Hyasinta, anakusalimu. Ameuliza nasafiri kwenda wapi na begi la magurudumu, nikamwambia nakwenda kutibiwa mguu. Mungu anisamehe, na yeye pia atanisamehe siku akijua.

Nilirudi kwa Mashimba. Akanionyesha ukutani pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sawa baba, duka ni lako. Nikaomba kigoda, nikakaa mlangoni pake na rula yangu. Kila mteja aliyeingia: "Unasafiri kwa ndege? Njoo nikupimie, huyu bwana hahesabugi magurudumu." Akasema mwalimu unaniharibia biashara. Nikamwambia mimi napima tu, kupima si kosa. Akaniletea soda. Nikanywa, nikaendelea kupima. Mtu mmoja wa Nyamuswa alikuwa anamnunulia binti yake anayekwenda chuo, akaondoka bila kununua. Hapo Mashimba akainuka. "Mama, chukua unalolitaka, uende na amani."

Sikutaka amani, nilitaka begi! Huu si uungwana, kumuuzia mtu kitu kitakachomwangusha akiwa mbali na wewe. Nilimwambia hivyo, na nililiambia duka zima.

Nimechukua la kitambaa, la kijivu, halina sura yoyote. Lakini ni jepesi, magurudumu mawili makubwa yanayopita kwenye mawe, na kutoka chini ya gurudumu mpaka juu ya mkono linatosha kabisa. Nimepima mimi, akapima Hyasinta, akapima na mume wake.

Kunywa maji.

Mama yako


Mtwara, 5 Novemba, asubuhi

Mama, shikamoo.

Sina maneno mengi. Presha imepanda, wamenilaza. Daktari anasema kungoja tarehe kumi na nane ni hatari, upasuaji ni kesho alasiri. Tiketi nimeibadilisha, unaruka kesho asubuhi. Ondoka Murangi leo hii ukalale Mwanza. Hezron yuko Tunduma na lori la watu, amejaribu, hana namna.

Mtoto bado anacheza. Namhesabia kila saa.

Njoo, mama.

Mwanao


Mwanza, 6 Novemba, uwanja wa ndege

Yunis mwanangu,

Umeamkaje? Anacheza? Mimi niko uwanjani, nimejaa hasira, nisamehe nikikosea herufi.

Begi limeingia kwenye kile kifremu chao cha chuma bila kugusa popote. Nikamtazama dada wa kaunta ili anisifu. Akasema, sasa weka kwenye mzani. Limezidi! Najua limezidi, mwanangu, nililifunga haraka na sikuweza kuacha kitu. Akasema nenda dirisha lile ukalipie. Nimekwenda. Dirisha lile halina mtu! Kiti kipo, koti lipo, mtu hayupo. "Anakuja, mama." Anakuja kutoka wapi? Abiria wanaitwa, wanapita, mimi nimesimama naongea na koti. Nikamwambia yule dada mwanangu anapasuliwa leo. Akasema pole mama, ni sheria. Nikamwambia basi sheria ikaniitie mwenye koti! Watu wote wakageuka, na mimi wala sikuona haya.

Nikapiga magoti, nikafungua begi sakafuni. Ulezi, samaki, asali, vyote nimempa mama mmoja anayefagia, anaitwa Ghati. Alikuwa anakataa. Nikamwambia pokea haraka, usinicheleweshe. Zimebaki nguo za mtoto na kanga zangu. Likapita.

Nakuja kwa mzazi bila hata punje ya ulezi. Mama yangu angekuwepo angenitukana mbele ya ndege nzima. Nimejisikia vibaya, sikufichi.

Wanasema tuzime simu.

Mama yako


Mtwara, 6 Novemba, mchana

Mama, hupatikani. Wameniletea gauni la kijani. Presha haishuki, wamesema hawangoji alasiri. Namwuliza muuguzi kama kuna mtu wangu hapo nje, anachungulia, anasema hakuna.

Naogopa, mama. Hata zile mara mbili sikuogopa hivi.

Simu namwachia muuguzi.

Mwanao


Mtwara, 6 Novemba, alasiri

Yunis mwanangu,

Hii utaisoma ukiamka. Pole, mama. Pole sana.

Dar ndege ya pili imetuweka ndani bila kuruka, jua linatuchoma, wanatupa pipi. Pipi! Nimewaambia nilivyojisikia na waliokaa karibu nami wakapiga makofi. Nimetua nimewasha simu, nimeona ujumbe wako, sikumbuki nilipandaje bajaji.

Hapa getini mlinzi akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, na begi haliruhusiwi wodini. Nikamwachia hilo begi, alale nalo akitaka. Ananifuata nyuma akiita "mama! mama!" na mimi nakwenda tu, mguu unauma vibaya mno. Ndani, mlangoni pa chumba cha upasuaji, nikamkuta muuguzi, naye akaniambia nirudi nje nikasubiri chini ya mti na wenzangu. Nikamwambia binti, mara mbili mwanangu ametoka humo asimkute mtu. Mara mbili! Leo niitie polisi, niitie mganga mkuu, niitie unayemtaka, mimi siondoki. Akaenda akaniletea kiti. Sijakikalia.

Nipo mlangoni, Yunis. Mlango una kioo kidogo juu, hakinifikii.

Palikuwa kimya. Nimesali vibaya, nimesali kwa kugomba, nikamwambia Mungu hawezi kufanya hivi mara ya tatu, hana haki hiyo. Ndipo nikasikia kilio. Nikadhani ni cha chumba kingine. Mlango ukafunguliwa kidogo, wakauliza ndugu wa Yunis ni nani, na mimi mwalimu mzima nikanyoosha mkono kama wa darasa la kwanza. Wakasema ni wa kike. Wakasema wewe wanakushona na unaendelea vizuri.

Mpaka sasa ninapoandika hajanyamaza. Si kilio cha mtoto kile, anafoka. Anawagombeza wote waliomo humo, kwa baridi, kwa taa, kwa kuguswaguswa, kwa kila kitu. Namsikia muuguzi anambembeleza, nyamaza, nyamaza mama. Nimegonga mlango, nimemwambia amwache aseme.

Bibi yake