Kibawa Kinachochelewa

Mjomba mpendwa,

Hili sijamwambia mtu: ile ndege yako uliyoiuza nimeiunda upya ndani ya kompyuta, niirushe kwenye mchezo wa urubani. Tangu nimalize shule, hiyo ndiyo kazi yangu. Kila kinachosogea lazima nikipe bawaba yake. Mwanzoni nilikosea, magurudumu yakawa yanajikunja hewani, mbali na ndege. Sasa yanaingia tumboni vizuri.

Kibawa cha nyuma ya bawa la kushoto nimekichelewesha makusudi, kishuke baada ya mwenzake, kama zamani ulipokuwa ukinipakata nivute wenzo.

Jana Mama aliniletea chai, akakiona kikichelewa.

"Kumbe hilo goigoi bado halijapona!" akacheka. "Kaka yangu alikuwa akiligombeza kila asubuhi."

Amesema "kaka yangu"! Tangu ukose mazishi ya Bibi, hajawahi kukutaja. Akaniomba nikishushe tena, na tena. Kisha akauliza, akiwa amenipa mgongo, kama huko unakula vizuri.

Njoo, Mjomba. Ila tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia. Mwenyewe anadhani bado amekununia.

Mpwa wako akupendaye