Sahihi ya Lifti Namba Mbili

Jumapili, 2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila roho haina raha. Ningekupigia, lakini masikio yako na simu hayapatani, kwa hiyo nampa barua konda wa basi la asubuhi.

Kampuni imepoteza tenda mbili. Kila Ijumaa msimamizi anabandika mlangoni mwa stoo majina ya wanaoendelea na kazi. Mafundi wa lifti tulikuwa kumi na wanane, tumebaki tisa. Asiyejiona kwenye karatasi anachukua begi lake na kuondoka bila kuaga.

Jana nilipanda juu ya lifti namba mbili ya hospitali, ile inayopeleka wagonjwa kwenye upasuaji. Nilipopitisha kitambaa kwenye kamba moja ya chuma, kikanasa. Nyuzi zinakatika. Nikaandika kwenye fomu: isitumike. Msimamizi akaichana, akaniwekea nyingine safi.

“Weka sahihi kwamba ni nzima,” akasema. “Kamba ziko nne, na mpya zitaagizwa mwezi ujao. Ukiisimamisha, hospitali watatutimua, na utakuwa umewafukuza kazi wenzako wanane.”

Amenipa mpaka Ijumaa. Lifti inaendelea kutembea. Nifanyeje, Baba?

Binti yako

*

Jumanne, 4 Februari

Mama,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mwanangu, kazi siku hizi ni adimu kama maziwa ya kuku. Uliyo nayo mshukuru Mungu, usibishane na aliye juu yako. Yeye naye ana wakubwa wake. Nilikuwa fundi gereji miaka thelathini, najua mambo haya. Sahihi ni wino tu. Weka, kisha tuombe Mungu ailinde hiyo lifti mpaka kamba zifike. Mimi nitaiombea kila alfajiri.

Moyo wa shukrani haupungukiwi.

Baba yako

*

Alhamisi, 6 Februari

Baba,

Shikamoo. Sina maneno mengi leo.

Nimepanda lifti ile makusudi, niisikilize. Wakaingiza mama mmoja kwenye kitanda cha magurudumu. Alipoona sare yangu akanishika mkono. “Asante mwanangu,” akasema, “mwaka jana ilipoharibika walinibeba kwenye ngazi kama gunia.”

Unasema tuombe Mungu ailinde. Mimi naona alishailinda. Alinipandisha juu yake nikaona kwa macho yangu, na tangu siku hiyo nimeiacha itembee kwa sababu naogopa karatasi ya mlangoni. Kama kushukuru ni kunyamaza, basi hiyo shukrani sijui nimpe nani.

Kesho ndiyo Ijumaa.

Binti yako

*

Jumanne, 11 Februari

Mama,

Hujambo? Mara mbili konda amerudi mikono mitupu. Ijumaa imepita na sijui uliandika nini, wala sijui kama bado una kazi.

Kuna jambo sikukwambia, hata marehemu mama yako hakulijua. Ulikuwa na miaka minne. Gereji ilikuwa inapunguza watu. Tajiri aliniletea basi dogo, bomba la breki limeliwa na kutu. Nikamwambia. Akasema litafika tu, weka sahihi. Nikaweka, nikamwachia Mungu.

Breki zikashindwa kwenye mteremko, likagonga ukuta. Hakufa mtu. Ila abiria mmoja, fundi cherehani, alikatwa mguu. Watu wakasema tumshukuru Mungu, na mimi nikasimama mbele ya kusanyiko nikashukuru huku nalia. Wakasema mtu huyu ana imani. Kumbe nilikuwa nashukuru kwamba hakuna aliyeuliza sahihi ni ya nani.

Ndiyo maana nikakwambia sahihi ni wino tu. Nilikuwa najitetea mwenyewe. Kama hukuweka, nisamehe. Kama umeweka, acha kusoma hapa hapa, nenda ukaisimamishe.

Baba yako

*

Alhamisi, 20 Februari

Mama,

Konda anasema chumba chako kina kufuli, na barua yangu ameiacha kwa mwenye nyumba. Andika hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Baba

*

Jumapili, 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Sikuweka sahihi. Ijumaa ile niliandika tena, isitumike, ila safari hii sikumpa msimamizi. Nilimpelekea muuguzi mkuu mkononi. Alisoma akiwa amesimama. Akaniuliza, “Ulijua lini?” Nikamwambia ni siku sita. Akanitazama, akaenda kuizima lifti mwenyewe.

Jina langu halikuwepo mlangoni. Wiki iliyofuata hospitali ikavunja mkataba, na wenzangu wanane wakarudishwa nyumbani. Mmoja wao, aliyenifundisha kazi, nilimsalimia sokoni akageuza uso. Nikafunga chumba, nikaenda kukaa kwa rafiki yangu. Nilikuwa naona aibu kwa jambo ambalo ningelirudia.

Barua yako nimeipata juzi. Nilikasirika, Baba, sikufichi. Ungeniingiza kwenye shimo lile lile ukiwa unaliona. Jana nikaisoma tena, nikawaza jinsi ulivyokaa na siri hiyo peke yako, hasira ikapoa kidogo. Haijaisha.

Kazi sina. Nachomelea mageti, leo lipo kesho halipo. Lakini asubuhi nashukuru, na sikulazimishwa na mtu. Nashukuru kwamba mama yule wa kitandani alifanyiwa upasuaji na ametoka. Namshukuru Mungu kwa siku ya saba, nikijua alinipa pia zile sita nilizonyamaza.

Yule fundi cherehani yu hai? Unajua anapokaa?

Binti yako

*

Ijumaa, 7 Machi

Mama,

Yu hai. Anakaa nyuma ya soko, mtaa wa pili. Miaka yote hii nimekuwa nikizunguka nisipite pale.

Jana nilipita. Alikuwa barazani anashona kwa mkono. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, sikukaribishwa kukaa. Alimaliza mshono wake, akakata uzi. Akasema, “Rudi Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka mke wangu na watoto wayasikie haya kutoka mdomoni mwako.”

Sijui watanifanya nini. Nitakwenda. Ukiweza kuja, njoo tukae wawili. Usipoweza, niombee tu miguu ifike.

Baba yako