Moyo wa Kifaranga

Jumatatu, 3 Machi

Yai moja limeoza. Nimelipasua mbele ya kamera, harufu ikajaa jikoni, na mimi nimefunga Ramadhani. Nikainamia sinki nikitema mate matupu. Mayai nayatoa Waithaka kwa mama mwenye mashine ya kuangulia, na kwa kawaida ni mazima. Lile lililokaa siku tatu kwenye mashine lilitoka vizuri: kiinitete kidogo kama koma, mishipa imetanda, moyo unadunda.

Chuoni kwetu mjini hadubini nzima ni moja, na somo langu ni jinsi kiumbe kinavyojijenga kutoka seli moja. Wanafunzi wanasomea simu. Kurasa za vyuo vya ng'ambo zina vyura na samaki wa kupendeza, lakini nusu hazifunguki na nusu zinadai nywila. Ndiyo maana video zangu naziweka bure. Chini ya kila moja nimeandika: yeyote achukue.

Jumatano, 5 Machi

Nekesa wa nyumba ya chini amepanda kwangu akicheka. Ana mimba. Ni mshonaji, yeye na mumewe Wafula walitoka Bungoma zamani, mtoto hawajajaliwa. Mashemeji wamemsema hadi wamechoka. Nikamkumbatia. Akanitolea simu.

"Mwalimu, cheki moyo ya mtoto yangu."

Video yangu. Ya mwaka jana. Naujua mshipa ule uliojikunja kama ndoana. Nimeufundishia darasa zima. Wamekata ganda, wamekata kiini cha njano, wamefuta sauti yangu na kuweka kinanda. Moyo wa kuku!

Amepewa na "daktari" mmoja mwenye chumba mjini. Alimpitishia kidude tumboni, picha ikatokea kwenye skrini. Kampa dawa ya unga. Kamkataza hospitali, eti mashine za huko zitamuunguza mtoto.

Nikasema hongera. Ndilo neno lililotoka. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya kipindi nilikwenda kumtafuta huyo "daktari". Kichochoro nyuma ya River Road, ngazi zinanuka mkojo, mlango una picha ya mtoto wa kizungu. Wanawake kwenye benchi, mikono juu ya matumbo. Yeye ni kijana mnene, koti jeupe, kucha chafu, manukato ya kukaba koo. Nikamwonyesha video yangu, ganda na yote. Hakushtuka hata kidogo.

"Madam, moyo ni moyo. Hawa wanataka tumaini. Na si wewe mwenyewe uliiweka bure?"

Nikawageukia wanawake, nikasema kwa sauti kwamba wanaonyeshwa yai la kuku. Mmoja aliinuka akaondoka. Waliobaki walinitazama kama mimi ndiye mchawi. Mlinzi akanikokota hadi kwenye ngazi.

Nikaenda kuripoti; polisi waliandika. Askari alipiga miayo, akauliza kama kuku ni wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Nekesa. Hakuniamini, kwa hiyo nilishuka na yai, nikalipasua kwenye bakuli, juu ya meza yake ya cherehani, kati ya vitambaa. Sikujua njia nyingine. Alitazama. Moyo ukadunda. Wafula naye akatazama.

"Toka kwa nyumba yangu," Nekesa akasema. Taratibu tu.

Nimepanda na bakuli langu. Moyo ulikuwa bado unapiga nilipofika mlangoni. Leo nimeichukia kazi hii. Nimemchukia zaidi yule mnene, na nimewachukia wenzangu wa chuoni walioangua kicheko ofisini nilipowasimulia.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikusudia kufuta video zangu zote. Kidole kilikuwa tayari. Halafu nikaona: nikifuta, yule tapeli anabaki na nakala yake, na wanafunzi wangu wanabaki bila kitu. Nikarekodi nyingine badala yake. Fupi, Kiswahili cha mtaani. Hii ni kuku. Ukionyeshwa hii ukaambiwa ni mtoto wako, umedanganywa. Picha ya skani haiwi nyekundu hivi. Nenda hospitali.

Jumatano, 12 Machi

Wanafunzi wameisambaza. Wanawake wanaandika. "Hata mimi nilionyeshwa hii." "Hata mimi." Mmoja wa Kangemi alingoja hadi miezi tisa ikapita, mumewe akaambiwa mtoto kafichwa na majini. Mke akafukuzwa. Mwanafunzi wangu mmoja amegundua tapeli mwingine anayetumia viinitete vya samaki. Samaki! Nimesoma ujumbe wote. Nataka kuoga.

Ijumaa, 14 Machi

Wafula alibisha asubuhi. "Amekubali," akasema, macho chini.

Tukaenda naye hospitali, sisi watatu. Skani: hakuna mtoto. Kuna uvimbe kwenye kizazi, huenda ndio ulioziba njia miaka yote. Daktari, mama mpole wa makamo, alisema utatolewa kwa upasuaji. Nekesa akauliza kama baadaye atazaa.

"Wengine huzaa. Wewe sijui, na sitakudanganya."

Nekesa alilia pale pale kitandani, Wafula akamshika miguu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu naye. Nilitoka nje. Kwenye korido nilimsikia Nekesa akisema, "Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui."

Polisi wamepiga simu. Hatimaye walikwenda kichochoroni. Chumba kitupu, picha imebanduliwa. Amehamia kwingine na moyo wangu wa kuku. Hasira yangu haina pa kwenda.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu adhuhuri. Kabla ya magharibi Nekesa alipanda na sufuria ya mboga ya mrenda. Hakuomba msamaha, wala mimi. Alikaa. Alisema atalazwa wiki ijayo, na Wafula akiona damu huanguka.

"Utakuja, dada?"

Nikasema nitakuja. Hajawahi kuniita dada.

Tulingoja tukisikiliza mvua juu ya mabati. Adhana ilipoita nikamimina uji wa kufuturu, vikombe viwili. Alinywa wake polepole, akafuta mdomo, akaomba mwingine.