Mwaka wa Nyumba Hii

Debre Birhan, 15 Ginbot 2016

Surafel,

Nani amekupa mamlaka ya kumwambia fundi afute sauti ya babu yako? Mume wangu Gebeyehu alikulisha kwa mkono wake, leo unaniambia kwenye simu nimwache afute tu, kompyuta yenyewe kuukuu. Kuukuu! Hata mimi ni kuukuu. Mnifute na mimi?

Haya, salamu. U mzima? Unakula? Hawassa kuna samaki, usiniambie unashindia mkate. Mimi nipo, magoti ndiyo yanayonitesa, na nimechoka, mjukuu wangu. Kila asubuhi, nikishamaliza kikombe cha tatu cha kahawa, naketi mbele ya kioo kile. Kinaandika mistari miwili mitatu, kisha kinaganda. Ubani unateketea mpaka majivu, nacho kimenikodolea macho tu.

Kosa la kwanza ni lako. Ulipoweka mifumo miwili ya uendeshaji katika kompyuta moja nilikuuliza: mabwana wawili katika boma moja, nani atafungua mlango? Ukacheka. Sasa bwana wa kwanza anafungua vizuri, ila chumbani kwake hamna kitu. Vyetu vyote uliviweka kwa yule wa pili, na ndiye aliyegoma. Humo mna zaburi za babu yako, na kinubi alichopiga Kwaresima yake ya mwisho. Sina nakala nyingine.

Mwezi wa Megabit fundi Zerihun alisema betri ndogo ya saa imekufa, ndiyo maana kompyuta inasahau tarehe. Akaweka mpya, akabonyeza, akaandika mwaka, ikawaka. Siku hiyo nilimsikiliza babu yako mpaka mchuzi wa shiro ukaungua jikoni. Kesho yake ikaganda. Zerihun akarudi mara nne, akapuliza vumbi, akabadilisha nyaya. Nikamwambia mikono yake ni ya kuchunia kondoo. Akanijibu kwamba kondoo, Bibi, angalau hunyamaza akichunwa. Juzi akanisomea maneno ya kiooni: eti kompyuta inalalamika kuwa mara ya mwisho ilifunguliwa siku ambayo bado haijafika. Akautazama mwaka, akaona uko sawa. Akasema basi diski imechanganyikiwa, Jumatatu atakuja kufuta kila kitu.

Sasa soma, na usicheke.

Siku ya betri aliandika 2024. Niliuona. Mwaka wa wageni, nyumbani kwangu, juu ya zaburi za mume wangu! Kesho yake nikabonyeza kama nilivyomwona akibonyeza, nikaweka 2016, mwaka wetu wa Kiethiopia; kumbe kwa kompyuta ni kurudi nyuma miaka minane. Ndiyo maana Zerihun haoni kosa. Naye analala na kuamka 2016 kama mimi. Aliposoma maneno yale nikajua. Mdomo ukakataa kufunguka, kwa matusi niliyokwisha kumtukana.

Barua anakuletea Tsehay, binti wa jirani, anayepanda basi kesho. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, nami sikutaka. Msalimie mama mwenye nyumba wako. Mungu wa babu yako akulinde.

Mpigie Zerihun, mwambie aandike 2024, asifute hata herufi. Sema umeligundua wewe, msomi.

La. Mwambie ni mimi. Heri anicheke. Piga sasa, kabla hujaikunja karatasi hii.

Bibi yako,
Etagegn