Mchoro wa Pampu

Tunduma, Jumapili

Dada Atuganile,

Shikamoo. Mvua zimeanza, watoto wazima. Kompyuta yangu ya kuhariri video za kwaya inachemka mpaka inajizima, nikaamua kuipoza kwa maji. Nilichora kila kitu kwenye daftari: tanki, pampu, mipira ya maji na rejeta ndogo ya kupozea. Vifaa niliagiza kupitia Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Baba bado yuko kwangu tangu figo zigome. Alivaa miwani, akautazama mchoro. "Tanki lipandishe juu ya pampu, mwanangu. Likikaa chini, pampu itavuta hewa, kama ile yetu ya kuoshea kahawa kule kijijini Ruanda."

Kweli nilikuwa nimekosea. Nikafuta, nikachora upya, nikafurahi kumwona amechangamka. Ndipo akauliza, "Ikikamilika, sitapelekwa tena Mbeya kusafishwa damu?"

Dada, nilipaswa kumwambia palepale kwamba ni ya kupoza kompyuta tu. Nikamjibu kwamba vifaa havijafika.

Leo vimefika. Ameliona boksi, akanyoa ndevu, akakunja mkono wa shati, na sasa amekaa sebuleni ananisubiri. Nakuandikia nikiwa jikoni. Nashindwa kutoka.

Mdogo wako,
Boazi