Ukipata Kazi, Narudi

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo umeanza kudai haki yake baada ya zege lote hili. Kifua cha mama yako kinaendeleaje?

Umeandika kwamba unaingia mwaka wa mwisho wa sosholojia. Nilipowasomea wenzangu chumbani, mfunga nondo anayelala kitanda cha chini yangu akauliza, "Hiyo jamii wanaipima kwa futi kamba au kwa timazi?" Tukacheka, ila mimi nilicheka huku nawaza. Nilikuahidi nilipoondoka: ukipata kazi, narudi. Sasa niambie bila kunizungusha, mwenye masomo hayo anaajiriwa wapi? Mwalimu namjua, muuguzi namjua. Wewe utakuwa nani?

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Kifua cha mama kimepoa, kilichobaki ni kunigombeza kwamba nikishika kitabu naunguza sufuria.

Swali lako hata sisi darasani tunaulizana. Wengine huingia kwenye utafiti, wengine mashirika, wengine husimamia wafanyakazi viwandani. Mimi niko mafunzoni hospitali, ofisi ya ustawi wa jamii. Akiletwa mgonjwa asiye na ndugu, tunakaa naye mpaka tujue ana nani. Jana mzee mmoja alikataa katakata kutaja kwao. Nikapiga naye soga za kufuga kuku mpaka kijiji kikamtoka mdomoni. Naipenda kazi hii, baba. Ajira ndiyo sijui. Usichoke kutusubiri.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, lakini mfunga nondo ameanguka kutoka juu ya jengo, nyonga imevunjika. Msimamizi akatuuliza kwao ni wapi. Mtu wa mzaha vile, kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hospitali akaja mama mmoja wa makamo, hana koti jeupe, akavuta kiti. Hakuanza na jina. Alimuuliza ni nani aliyemfundisha kufunga nondo. Wakazungumza weee, hadi tukasikia ana dada, na hawajasemezana tangu msiba wa mama yao. Dada yuko njiani anakuja.

Nikamfuata yule mama nje nikamuuliza alisomea nini. Akaniambia. Nikasema, "Hata binti yangu," kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka.

Sikuulizi tena utakuwa nani. Nauliza lini tu, maana kitanda cha chini kiko wazi na nimeanza kuongea peke yangu.

Baba yako

2 Novemba

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Kazi nimepata, ofisi ya ustawi kama ile, ila si hospitali ya hapa. Ni mbali, basi linalala njiani, na mwaka wa kwanza hakuna likizo. Mama anasema niende. Mimi nasitasita. Miaka yote hii nimejiona nikikufungulia mlango na kukupokea mzigo. Ukisema nibaki, nitabaki na kutafuta nyingine.

Mwanao

14 Novemba

Mwanangu,

Nenda. Nitakuwa mwongo nikisema haijaniuma. Lakini huko nako yupo mtu kalala wodini, hakuna anayejua kwao.

Nimeshamuaga msimamizi. Ahadi ni ahadi.

Baba yako

9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Nimefika salama. Mama yako alinitazama kwanza, kisha akasema nimekuwa mfupi. Mlango alinifungulia yeye.

Chumbani kwako kuna gauni umeliacha kwenye msumari. Nililishusha nikamwekea mama yako mabegani, likaburuta chini. Nikajiwekea mimi, likanifika kwenye vifundo vya miguu. Mama yako akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipoondoka ulikuwa unanifika kiunoni, na kwa kweli ndivyo nilivyokuwa nakuandikia siku zote, mtoto wa kimo kile.

Hao wagonjwa wako unawauliza habari zao mpaka wanazimwaga. Nami naomba unimwagie zako. Unaamka saa ngapi? Unacheka vipi siku hizi? Sauti yako imekuwa nzito kama ya shangazi yako, au bado nyembamba? Mama yako ananieleza, lakini anaeleza kama mtu aliyekuona jana.

Gauni nimelirudisha kwenye msumari wake.

Baba yako, wa nyumbani