Miwani Iliyobaki Mfukoni

Shanwe, Jumapili, Agosti 1996

Landrova isiyo na paa haitaki kiburi. Nimeendesha hadi Kasansa kichwa wazi, miwani ya fundi wa kuchomelea ikiwa mfukoni, kwa kuwa niliwahi kuiita pambo la waoga.

Mke wangu, aliyerudi kwao tangu Pasaka kwa kuchoshwa na ubishi wangu, alitoka jikoni akaona macho yangu mekundu yanatiririka.

"Baba Neema, umelia njia nzima?"

Lilikuwa vumbi tu. Lakini mimi ninayebishana hata na redio nilinyamaza.

Akanifunga kitenge chake kichwani. "Nenda. Nitafikiria."

Nilipopita kona nikavaa miwani. Vumbi halikuingia tena. Hata hivyo nilifika nyumbani vioo vimelowa kwa ndani.